Obura na Ukuta wa Yerusalemu

Watu wengi wa Kitengela walimjua Obura kama mtu wa kusukuma mchanga. Miaka ile, kuanzia tisini na saba mpaka elfu mbili na moja, ukipita karibu na mjengo wowote ungemwona na toroli yake, kofia ya sufi kichwani hata jua likiwaka, anakwenda bila haraka. Ukimuuliza kazi yake alikuwa anajibu, "Mimi ni fundi." Mtu anaangalia toroli, anamwangalia yeye, anaenda zake.

Kazi yangu mimi ni kunoa visu. Nilikuwa natembea na gurudumu langu la kukanyaga kwa mguu, leo Kiserian, kesho kutwa Isinya, wiki ijayo Kajiado, na nikifika Kitengela nilikuwa nalala kwenye ploti moja ya vyumba vya mabati nyuma ya kinu cha kusaga unga, mlango wa pili kutoka kwa Obura, Baba Awuor kwa majirani. Mengine ya habari hii niliyaona kwa macho. Mengine aliniambia mwenyewe, tukinywa chai ya mke wake, Caren.

Obura alizaliwa Ugenya, akasoma mpaka darasa la sita, akaja huku kutafuta. Alianza kwa kubeba mawe machimboni Kiserian. Alikuwa huko machimboni, mwaka wa tisini na tano, wakati wazungu wa sinema walikuja kukodisha uwanda mmoja kule chini, ukishapita Kona Baridi kwa barabara ya Magadi.

Walikuwa wanatengeneza hadithi ya mfalme wa zamani sana, ambaye hakuwahi kuwako, aliyeruka angani amekalia ndege mkubwa kama lori. Mfalme huyo alihitaji mji. Basi wakaandika watu karibu mia mbili, na kwa miezi saba mji ukasimama pale kwenye vumbi kati ya miti ya migunga: mlango mkubwa wa tao, minara miwili, na ukuta mrefu wa mawe ya kijivu wenye nyufa na ukungu kama umekaa miaka elfu. Watu wa makanisani walipouona kwa mbali walisema unafanana na ile Yerusalemu ya kwenye kalenda. Jina likashika. Mpaka leo hakuna mtu wa huko anayejua jina la ile sinema, lakini ukisema Yerusalemu unaonyeshwa njia.

Hakukuwa na jiwe hata moja katika ukuta huo. Nyuma ilikuwa mbao, waya wa kuku na magunia. Mbele ilikuwa plasta. Kulikuwa na mzungu mmoja mzee ambaye wafanyakazi walimwita Babu Plasta. Huyo alichukua raba ya majimaji, akaipaka kwenye jabali la kweli kule juu Kona Baridi, akaibandua kama ngozi ya mbuzi, na hiyo ngozi ndiyo ikawa moldi. Unamwaga plasta ndani, unaweka gunia nyuma, ikishika unatoa jiwe zima na mikwaruzo yake yote. Halafu unalipaka rangi tatu, moja juu ya nyingine, na ya mwisho unainyunyiza kwa ufagio.

Obura aliingia kama mtu wa mkono, wa kukoroga tu. Mwezi wa pili Babu Plasta alimpa moldi. Mwezi wa nne akampa ufagio wa rangi. Mwishowe ule ukuta wa kando ya mlango, mrefu kuliko zote, alipewa yeye peke yake na watu wanne wa kumsaidia, na hao wanne walikuwa wanamwita fundi asubuhi mpaka jioni.

Kisha sinema ikaisha. Wazungu wakafunga mizigo yao, Babu Plasta akamshika mkono akaenda zake. Hakuna aliyepewa barua ya kuonyesha kazi aliyofanya. Karatasi pekee waliyopata kuona ni ile waliyotia sahihi siku ya kwanza, kwamba hawatapiga picha ndani ya mji ule wala kusimulia mtu ndani kuna nini.

Obura akahamia Kitengela, kwa sababu Kitengela ndiko nyumba zilikuwa zinaota. Alikwenda kwa mwenye mjengo mmoja akamwambia yeye ni fundi wa mawe ya plasta. Yule mtu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, hapa tunajenga na mawe ya mawe."

Akampa toroli. Na Obura alisukuma hiyo toroli miaka minne na kitu.

Sijui kama alikuwa na huzuni. Hakuwa mtu wa kulalamika. Siku moja sinema yenyewe ilifika Kitengela kwa kanda, ikaonyeshwa katika kile kibanda cha video karibu na soko, na Obura akaenda na Caren, wamevaa kama wanaenda kanisani. Ukuta wake ulionekana kwa muda wa kupiga chafya mara mbili. Obura akasimama katikati ya watu akaonyesha kwa kidole: "Ule! Ule ni wangu!" Watu wa nyuma wakapiga kelele, "Keti chini mzee, unafunika mfalme!"

Caren aliniambia hiyo. Alisema walirudi nyumbani bila kuongea, na yeye alidhani ni kwa sababu ya zile kelele. Haikuwa hivyo, kama nilivyokuja kujua.

Mwaka wa elfu mbili na moja, mwezi wa pili, nilikuwa Kajiado nanoa visu vya wachinjaji. Nikasikia wakisema kuna injinia anaitwa Katoo, anajenga hoteli ya watalii kule Kimana, na anataka fundi wa kutengeneza majabali ya uongo. Ati kutakuwa na pango, na maji yatashuka juu ya mawe mpaka kwenye bwawa la kuogelea. Na Kimana yenyewe haina mawe ya maana, ni udongo wa vitunguu na nyanya. Kazi ya mwaka mzima, na huyo fundi ndiye atakuwa kichwa cha mafundi wengine.

Nikamtafuta huyo Katoo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani ya kamba, ameketi nje ya nyumba aliyokodisha kama ofisi. Nikamwambia namjua mtu.

"Kila mtu anajua mtu," akasema. "Tangu Jumatatu nimeongea na mafundi kumi na wawili na wote wanajua kila kitu. Mwambie alete picha ya kazi yake. Alhamisi ya wiki ijayo. Bila picha asijisumbue."

Nilifika Kitengela jioni hiyo hiyo na gurudumu langu juu ya pikapu ya nyasi. Obura alinisikiliza mpaka mwisho, toroli ameiegemeza ukutani. Alikuwa amefika miaka hamsini na moja. Alijua, na Caren alijua, na mimi nilijua, kwamba majabali ya uongo hayatafutwi Kajiado kila mwaka. Akikosa hii, atasukuma mchanga mpaka mgongo umkatalie, na kwa watu wa Kitengela atakufa mtu wa toroli.

"Picha," akasema. "Sina hata moja."

"Si ukuta uko?" Caren akamwambia. "Siku hizi watu wanaenda kutembea huko kama Mombasa. Nenda upige."

Ilikuwa kweli. Baada ya wazungu kuondoka, wenye ardhi waliuacha mji usimame. Sinema ilipopata jina huko nje, watalii wakaanza kuja na makamera, na siku za mwisho wa wiki hata familia za Nairobi. Wenyewe wakaweka uzio wa miiba na mlinzi, na ukitaka kuingia unakata tiketi.

Kitengela wakati huo mpiga picha alikuwa Kavutha, Mama Ndunge. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyeachiwa kamera na marehemu mume wake, na studio ya pazia moja lenye maporomoko ya maji. Kila mtu aliyepigwa picha Kitengela miaka hiyo amesimama mbele ya hayo maporomoko, miguu pamoja, mikono chini, kama anangoja kusomewa hukumu. Kavutha alikuwa na sheria zake. Mtu awe katikati. Viatu vionekane. Na hapigi kitu ambacho hakina mtu.

"Una bahati," akamwambia Obura. "Niko na filamu ya harusi ya binti wa Mbeke, imebaki picha tano. Wenyewe wananisumbua kila siku, na filamu haiendi kuoshwa mpaka iishe. Jumamosi tunaenda, tunaimaliza kwa huo ukuta wako."

"Tano zinatosha?"

"Wewe una sura ngapi?"

Jumamosi tukaenda watatu. Obura alivaa suti yake ya kanisani, ya rangi ya udongo, na viatu ambavyo Caren alivipaka rangi mpaka vikawa kama maji. Nilimuuliza kwa nini suti, mtu anaenda kupiga picha ya ukuta. Akasema Kavutha amemwambia hawezi kuharibu filamu na mtu wa kofia ya sufi.

Mlinzi wa Yerusalemu alikuwa Mmaasai mmoja wa makamo anaitwa Parmuat. Obura akamsalimu, "Sopa," naye akajibu, "Epa," akatukatia tiketi, akachukua fimbo yake akatangulia, maana yeye pia ndiye aliyekuwa anaeleza wageni. Kulikuwa na wageni wengine karibu kumi, wazungu wanne na familia moja ya Nairobi. Parmuat akasimama chini ya mlango wa tao akaanza.

"Huu mji ulijengwa na mafundi kutoka Ulaya. Haya mawe yalikuja na meli mpaka Mombasa, halafu treni."

"Ati meli?" Obura akasema.

"Meli."

"Ndugu yangu, haya mawe yalitoka kwa ndoo. Mimi ndiye nilijenga huu ukuta."

Parmuat hakukasirika. Alimwangalia kutoka viatu mpaka kola.

"Mzee, kila Jumamosi nakuwa na mtu ambaye alijenga. Wiki iliyopita nilikuwa na watatu. Mmoja alisema yeye ndiye alikuwa yule ndege."

Wale wa Nairobi wakacheka sana. Obura naye akacheka kidogo, lakini masikio yalikuwa yamemshuka. Tukawaacha waende kwenye minara, sisi tukabaki kwenye ukuta.

Miaka mitano ilikuwa imepita. Mahali pengine plasta ilikuwa imebanduka gunia likaonekana, na juu kwenye kona ndege wa kweli wamejenga. Lakini ukisimama hatua kumi nyuma, haki ya Mungu, ni mawe. Nilikuwa nimesikia habari ya ukuta huo mara mia na bado niliweka mkono kuhakikisha. Ulikuwa na joto, na ukigonga kwa kidole unalia kama debe.

Obura akaenda moja kwa moja mahali fulani kando ya mlango, akageuka, akauwekea mgongo.

"Hapa."

"Sogea kushoto," Kavutha akasema. "Hapo hakuna kitu, hapa kuna ule mnara, unatoka vizuri."

"Hapa ni sawa."

"Baba Awuor, jua linakupiga jicho moja."

"Hapa."

Kavutha akapiga ya kwanza. Viatu vimeonekana, mtu katikati. Ya pili akamwambia aweke mkono kiunoni. Ya tatu akaniita mimi nisimame naye, na mimi nikasimama. Nilipokuwa nimesimama pale nikamuuliza polepole kwa nini hataki kutoka hapo.

Akaongea bila kugeuza shingo, kama watu wanavyoongea wakipigwa picha.

"Mzee wa visu, nyuma yangu, mstari wa tatu kutoka chini. Kuna mawe mawili yametoka kwa moldi moja. Siku ya mwisho mvua ilikuwa inakuja, tukakimbia, nikayabandika moja kando ya lingine bila kuligeuza. Yako na ufa mmoja na shimo moja. Babu Plasta hakuona. Hakuna mtu amewahi kuona. Lakini mimi siku ile ya video sikuona mfalme, sikuona ndege. Niliona hayo tu."

"Sasa unayafunika."

"Injinia akiona si atasema mimi ni fundi wa haraka haraka?"

Kavutha alipomaliza ya nne, Obura hajasogea, yule baba wa Nairobi akaja na kamera yake ndogo, akamwomba Obura awapige yeye na mke na watoto mbele ya ukuta. Obura akaichukua kwa heshima. Akawapanga wote mstari mmoja, palepale, mbele ya yale mawe.

"Njooni hapa. Bado. Mama, ingia kidogo. Hapa ndio kuna jua zuri."

"Mzee anajua kazi," yule baba akasema.

Picha ya tano Obura akamwomba Kavutha arudi nyuma kabisa apige ukuta mzima bila mtu. Kavutha akashika kiuno.

"Picha bila mtu nimpelekee nani? Watu wa kuosha filamu wataniuliza nilianguka?"

"Mama Ndunge, tafadhali. Injinia anataka ukuta."

Kavutha akasonya, akarudi nyuma hatua ishirini, akachutama, akainua kamera. Na Obura, nilimwona, akaangalia kule alikosimama Kavutha, akaangalia mstari wa tatu. Kavutha akihesabu mbili tayari, Obura akakimbia na viatu vyake vya maji akaenda kusimama palepale, mikono chini, miguu pamoja.

"Ndio hivyo!" Kavutha akapiga kelele. "Sasa iko na mtu."

Picha zilitoka Jumatano, pamoja na za bibi harusi. Obura alizipanga juu ya meza, Caren akasimama nyuma yake akikausha mikono kwa leso.

"Umetoka vizuri," akasema. "Suti imekaa. Lakini Baba Awuor, huo ukuta uko wapi?"

"Si huu?"

"Huu ni wewe."

Obura akazikusanya akaziweka ndani ya bahasha.

Alhamisi nilikuwa naye Kajiado, kwa sababu nilikuwa na visu vya bucha huko. Nje ya ile nyumba ya Katoo kulikuwa na watu kumi na wanane kwenye benchi na ukingo wa maua. Kila mmoja na picha zake. Mmoja alikuwa na tangi la maji, mwingine kaburi la marumaru. Zamu ya Obura ilipofika Katoo alizitoa kwenye bahasha akaziweka moja moja kama karata.

"Mzee, hapa umetembea mahali pazuri."

"Ni kazi yangu, Injinia. Huo ukuta. Si mawe, ni plasta."

"Mimi naona mawe."

"Ndiyo. Ndio kazi yenyewe."

Katoo akavua miwani akaisugua kwenye shati. "Nisikilize. Mimi pia nimepigwa picha mbele ya bunge na sikujenga bunge. Umeniletea picha tano za mtu na suti. Sina ubaya na wewe." Akamrudishia. "Mwingine."

Obura alikuja tukasimama naye kwenye mfereji wa maji kando ya nyumba. Nilimwambia ningemletea chai. Akasema hataki. Akafungua mfereji, akaacha maji ya bomba yamtiririkie mikononi.

Aliyefuata alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la ngozi, anaitwa Ndolo. Huyu hakuwa na bahasha. Alitoa kadi moja kubwa, ya rangi zinazong'aa, zile wanazouzia watalii, akaiweka mezani kwa vidole viwili.

"Hiyo ni kazi yangu, Injinia. Uwanda wa Magadi, mwaka wa tisini na sita. Kila kitu unaona hapo ni plasta. Nilikuwa mkuu wa mafundi."

Katoo akaiinua. Kutoka pale mferejini tuliiona vizuri, kwa sababu aliiweka juani. Ilikuwa Yerusalemu, imepigwa asubuhi, ukuta mzima na mlango wake, hakuna mtu hata mmoja.

"Hii sasa ndiyo picha," Katoo akasema. Akaita karani. "Leta kile kitabu."

Nilimwangalia Obura. Alikuwa anaangalia kadi, na najua alikuwa anaangalia wapi kwenye hiyo kadi. Karani akatoka ndani na kitabu chini ya kwapa, akaanza kutafuta kalamu kwenye mfuko wa shati, ule wa suruali, ule wa shati tena. Obura akafunga mfereji. Akaenda mpaka mezani.

"Injinia, samahani."

"Mzee, tumemaliza na wewe."

"Angalia hiyo kadi. Kando ya mlango, mkono wa kulia. Mstari wa tatu kutoka chini. Mawe mawili yamekaribiana."

Katoo akaangalia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana. Kisha akavaa miwani. Kisha akaisogeza kadi karibu na pua.

"Yamefanana."

"Hayajafanana. Ni jiwe moja. Ufa mmoja, shimo moja, hata ile alama kama jino hapo chini. Moldi moja mara mbili, na sikuligeuza. Hakuna mlima unatoa mawe namna hiyo. Mvua ilikuwa inakuja."

Wale wa kwenye benchi wakaanza kuinuka waje kuona. Katoo akampa Ndolo kadi.

"Ulijua hii?"

Ndolo akaangalia kwa muda. "Nilijua. Niliweka makusudi. Ni urembo."

"Urembo!" Obura akasema, na hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akipaza sauti. "Omera, ndugu yangu, mimi nimekula aibu ya huo urembo miaka mitano!"

Watu wakacheka. Mmoja wa benchi akasema, "Ndolo, mwambie injinia hao mapacha walizaliwa hospitali gani."

"Nyuma ya jiwe kuna nini?" Katoo akamuuliza Ndolo.

"Simiti. Na nondo."

Katoo akamgeukia Obura bila kuuliza.

"Gunia," Obura akasema. "Za kahawa, tulikuwa tunaletewa kwa lori. Ukiweka simiti ukuta mrefu hivyo na kijiti nyuma, unaangukia mfalme."

Ndolo akachukua kadi yake akairudisha ndani ya koti. Hakuwa mtu wa fujo. Alisema tu kwamba hapa watu wanapata kazi kwa kujuana, akashuka kwenda barabarani.

Katoo akazungusha mkononi kalamu ambayo karani alikuwa ameipata hatimaye.

"Kwa nini hukuniambia hivyo asubuhi?"

"Injinia, mtu anakuja kuomba kazi na kosa lake mkononi?"

"Kumi na wanane wamekuja, na kumi na saba hawajawahi kukosea maishani mwao. Nilikuwa nashindwa nichague nani." Akaangalia saa. "Lori ya simiti inatoka hapa saa nane kwenda Kimana. Unaweza kwenda nayo?"

"Leo?"

"Udongo umechimbwa tayari. Mimi nalipa watu wanaokaa bure."

Karani akafungua kitabu. Kilikuwa na mistari miwili mirefu iliyochorwa kwa rula, upande wa kushoto mafundi, upande wa kulia watu wa mkono. Akamuuliza jina, akaandika. Akamuuliza kazi, na kalamu yake ilikuwa tayari upande wa watu wa mkono, nadhani kwa sababu ya nyufa za viganja vya Obura.

"Fundi," Obura akasema.

Karani akamwangalia Katoo. Katoo alikuwa anaongea na mwenye lori. Obura hakungoja amalize. Aliweka kidole kwenye kitabu, upande wa kushoto, mahali pa kuandika, akakiacha hapo mpaka karani akaandika.

Saa nane alipanda juu ya mifuko ya simiti na suti yake. Alinipa ujumbe wa nyumbani: kwamba amepata, atarudi mwisho wa mwezi, na Caren amtumie nguo za kazi na ule mwiko mdogo ulio chini ya kitanda kwa gari la kwanza la Kimana. Lori ikang'oa, vumbi likawafunika.

Nilifika Kitengela Ijumaa saa sita. Caren alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda, anachagua mawe kwenye mchele. Nikamweleza yote kwa mpango, kadi, Ndolo, mawe ya mstari wa tatu, mpaka lori. Alisikiliza bila kuacha kuchagua. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Wamemwandika nini?"

"Fundi. Nimeona kwa macho yangu."

Akapepeta ungo mara mbili, akapuliza makapi.

"Basi hii nyumba haitakalika," akasema. "Alikuwa ananisahihisha vile napaka matope jikoni hata akiwa mtu wa toroli." Akainuka, akaweka ungo juu ya kigoda, akaingia ndani kutafuta mwiko.